Sahani ya Kambini: Pindua Uangalie Ukingo

Siku ya tatu kule Ukerewe nilimpakulia wifi yangu wali wa moto. Kabla hajatia kijiko, tone la maji ya kahawia likachuruzika kutoka chini ya ukingo wa sahani. Lilinuka dagaa, na dagaa tulikula juzi yake.

Sahani yenyewe ni ya seti ya kambi niliyoinunua hapa Mwanza kwa shilingi 45,000. Ugonjwa wake ni ukingo. Bati hukunjwa kwa nje lisikukate mdomo; mkunjo usipobanwa sawasawa, unabaki mfereji mwembamba ambao brashi haifiki. Humo huingia mafuta ya samaki, ugali na maji ya kuoshea, vikachachia humo humo. Uzito na rangi utaangalia mwenyewe, macho unayo. Mimi nakuomba upitishe ukucha chini ya ukingo. Ukizama, rudisha. Muuzaji akikubali, ichovye majini, ifute, uikung'ute juu ya gazeti. Likilowa, aga uende zako.

Namba moja kwangu ni Zebra, chapa ya vyombo vya stili ya Thailand, wala sifichi mapenzi yangu. Bakuli langu la stili mdogo wangu alinitafutia Kariakoo. Ukingo umelala, ukucha unateleza tu. Tafuta stili ya aina ya 304: ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndimu na nyanya haziisumbui. Usidanganywe na jaribio la sumaku. Stili ya 201 nayo kwa kawaida hainaswi, ila hupata kutu upesi zaidi. Na chukua bakuli, si sahani bapa. Sato wa mchemsho kwenye sahani bapa, umekalia jiwe, utaumalizia kwenye kanga.

Kikombe kiwe cha kuta mbili, cha ukuta mmoja kinaunguza midomo. Ila cha kuta mbili usikiteleke motoni, hewa iliyofungiwa katikati inaweza kukipasua.

Namba mbili, enameli nzito. Rangi yake hupenda kubanduka ukingoni, na kutu huanzia hapo hapo. Melamini, ile plastiki ngumu, ni ya tatu: haina mkunjo, Mungu aibariki, lakini usiipashie chakula. Plastiki za buku mbili, haya, beba.

Sasa bei. Makoroboi, hapa hapa Mwanza, niliulizia kikombe cha stili: 3,500. Nikaingia duka moja lenye hema dirishani, kikombe kile kile, hata stika ile ile: 12,000. "Hiki cha kitalii, dada." Kitalii kwa lipi? Ukitaja kambi tu, bei inavaa miwani ya jua. Siku hizi nasema nanunulia mgahawa.

Kuosha, usisimame ziwani na sahani yako. Kichocho huingia kupitia ngozi, dakika chache zinatosha. Chota maji, yachemshe, sugua kwa majivu yaliyochekechwa, mchanga unakwaruza. Kisha simamisha sahani juani kwa ubavu, ukingo ujichuje, na isiingie mfukoni ikiwa mbichi.

Wifi yangu siku hizi huja na sahani yake. Kabla sijampakulia, huikung'uta mbele yangu, taratibu, akinitazama.