Ndege za bei rahisi: njia za kulipia begi, kuanzia inayokubakizia hela hadi inayokuliza getini

Begi langu lilikuwa na magurudumu manne na hayo magurudumu ndo yaliniponza. Nilipima nyumbani kwa futi kamba, nikapima mwili wa begi tu, sentimita zikakaa sawa, nikaenda zangu nimetulia. Getini dada mmoja wa shirika akaniambia kaka hebu weka hapa kwenye fremu, ile ya chuma ya kupimia ukubwa wa mabegi. Nikaweka, likaingia nusu likakwama. Nikasukuma kwa goti, foleni nzima inaniangalia, vigurudumu vimechomoza juu kama vidole vinne havitaki kushuka. Nililipa kwa kadi pale pale na hela niliyolipa ilizidi tiketi yenyewe.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma masharti mpaka mwisho, na kitu nilichokuja kugundua ni kwamba begi ni lile lile, kilo ni zile zile, kinachobadilika ni umelipia lini na umelipia wapi. Ukilipia wakati unakata tiketi ni bei moja, ukisubiri uongeze baadae kwenye apu inapanda, kaunta ya uwanjani inapanda tena, na getini pale mlangoni kwa ndege ndo wanakukamua kabisa. Kadiri unavyoikaribia ndege ndo bei inavyozidi kuwa kali. Kwa hiyo hii orodha nimeipanga hivyo, ya kwanza ndo ningemshauri ndugu yangu, ya mwisho simtakii hata adui.

Afu kabla hatujaanza, ondoa ile imani kwamba utamwomba mhudumu akuonee huruma. Mwaka 2024 kamati moja ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu ada za ndege, wakakuta Frontier na Spirit, mashirika mawili ya bei rahisi ya huko, kati ya 2022 na 2023 walilipa dola milioni 26 kwa wahudumu wa getini na wengine kama motisha ya kukamata abiria wenye mabegi yaliyozidi. Sasa mtu analipwa kwa kukukamata afu we unamwonyesha meno ukitegemea akupitishe, hapana. Na wala usiende na hoja za kisheria pale getini. Hispania mwaka huo huo wa 2024 mashirika matano yalipigwa faini jumla euro milioni 179 kwa mambo haya haya ya kutoza mizigo ya mkononi na mengineyo, mashirika yakapinga, wanasheria wanaendelea na yao, we ndege yako inaondoka baada ya dakika ishirini.

1. Begi dogo la chini ya kiti, basi

Hili ndo la bure. Tiketi ya bei ya chini kabisa karibu kila shirika inakupa kitu kimoja kidogo kinachoingia chini ya kiti cha mbele yako, na kama safari yako ni ya siku tatu nne, amini nakwambia linatosha, tatizo letu tunabeba nguo za kuvaa kama tunahama.

Shida ni kwamba neno "dogo" kila shirika lina maana yake. Wizz Air ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Ryanair walikuwa 40 kwa 25 kwa 20, mwaka 2025 wakaongeza ikawa 40 kwa 30 kwa 20. easyJet wao ni 45 kwa 36 kwa 20 na kilo zisizidi 15. Ukienda upande wa Asia mambo yanageuka, AirAsia wanakuruhusu vitu viwili lakini vyote kwa pamoja visizidi kilo 7, yaani begi tupu la magurudumu lenyewe linaweza kula karibu nusu ya hizo kilo kabla hujaweka hata soksi. Kwa hiyo Ulaya ogopa fremu, Asia ogopa mizani. Mtu aliyezoea huku akienda kule anaumia, na kinyume chake.

Kama unanunua begi kwa ajili ya kazi hii, nunua la mgongoni, laini, lisilo na fremu ya ndani wala magurudumu, linalofunguka lote kama sanduku. Nafasi ya 40 kwa 30 kwa 20 ukipiga hesabu ni lita 24. Begi limeandikwa lita 30 au 35 we achana nalo hata kama muuzaji anakwambia linaingia kwenye ndege, linaingia ndio, ila kwa kulipia. Na lita peke yake haitoshi maana begi linaweza kuwa lita 22 lakini refu kama mkungu wa ndizi, likazidi upande mmoja tu na huo mmoja ndo watakaouona.

Namna ya kupima, hapa ndo nilipokosea mimi. Lijaze kwanza. Weka kila kitu mpaka chaja, funga zipu, lisimamishe ukutani afu ndo upime, toka chini kabisa kwenye miguu au magurudumu mpaka juu kwenye mkono wa kushikia. Ile mifuko ya mbele ikijaa inavimba, pima hapo hapo ilipovimba. Begi laini lina faida kwamba likizidi sentimita moja mbili unatoa sweta unavaa, linanywea, linaingia kwenye fremu, mchezo umeisha. Gumu halinywei, ndo maana langu la magurudumu manne sasa hivi liko juu ya kabati natunzia mablanketi.

Viatu vizito vaa, koti vaa, mifuko ya koti ijaze. Mi nimeshawahi kupanda ndege na koti lenye chaja, kitabu, miswaki na chupi tatu, nilikuwa natembea kama mlinzi lakini sikulipa hata senti. Ila ule mfuko wa maduka ya uwanjani angalia, mashirika mengine wanaupokea mengine wanauhesabu kama begi la pili.

2. Begi la kupakia chini, ulilolipia siku unakata tiketi

Ukiona chini ya kiti haiwezekani, yaani una mtoto, au unaenda wiki tatu, au unabeba zawadi za ukoo, basi lipia begi la kupakia wakati ule ule unanunua tiketi, kwenye ukurasa ule ule, usiseme ntaongeza kesho. Na hapa pana ujanja ambao watu wengi wanaupita. Kama mko wawili, usinunue mabegi mawili madogo, nunua moja kubwa mgawane, mara nyingi inatoka rahisi kuliko kila mtu na lake. La pili, sio lazima ulipie kwenda na kurudi. Kama unaenda mtupu unarudi na mizigo, lipia ya kurudi tu, mashirika mengi yanaruhusu kuchagua kila safari peke yake, ni vile tu ule ukurasa unakupachikia zote mbili kwa pamoja afu mtu unabonyeza endelea.

Nunua na ile mizani ndogo ya kuning'iniza ya mkononi. Ni kitu kidogo ila kinajilipa safari ya kwanza, maana kilo za ziada wanatoza kilo moja moja na bei yake haina adabu. Ukikosa, panda mizani ya nyumbani ukiwa umebeba begi, afu panda bila begi, toa. Acha nafasi ya kilo moja hivi, mizani yako na ya kaunta sio lazima zielewane.

3. Tiketi ya kifurushi

Ile ya katikati wanayoiwekea rangi na maneno "wengi wanachagua hii". Inakuwa na begi, kiti cha kuchagua, pengine na ruhusa ya kubadili tarehe. Mi sio adui wa vifurushi, tatizo watu wanavinunua kwa macho. Chukua karatasi, andika tiketi tupu bei gani, jumlisha vitu unavyovihitaji kweli kimoja kimoja, linganisha. Ukihitaji vitu viwili au zaidi kifurushi mara nyingi kinashinda. Ukihitaji kimoja, kinashindwa, unakuwa umenunua uhuru wa kubadili tarehe ya harusi ya dadako ambayo haibadiliki.

4. Begi kubwa la kuingia nalo ndani, pamoja na kupanda mapema

Hii wengi wanaipenda, mi naiweka chini. Bei yake inapanda na kushuka kutegemea njia na siku, kuna wakati inalingana kabisa na begi la kupakia lenye kilo mara mbili. Faida yake ya kweli ni moja, ukishuka hausubiri mkanda wa mizigo, na kwa mtu anayewahi kikao sawa. Ila maji yako, mafuta yako na losheni bado yanafungwa na ile sheria ya mililita 100 kwenye viwanja vingi, na makabati ya juu yakijaa wanaweza kulichukua begi lako wakalishusha chini hata kama umelipia. Likichukuliwa hivyo, toa pawabenki kwanza! Betri za akiba haziruhusiwi kukaa chini kwenye mizigo, lazima ziwe na wewe ndani. Toa na dawa na pasipoti hapo hapo.

5. Kuongeza begi baadae kwenye apu

Umeshakosea ila hujaumia. Bei imepanda kidogo kuliko siku ya kukata tiketi, lakini bado iko chini ya uwanjani. Kama usiku wa kuamkia safari umekaa unalitazama begi una wasiwasi nalo, lipia usiku huo huo, usilale na matumaini. Mauzo ya apu yanafungwa saa kadhaa kabla ya ndege kuondoka na ukiamka alfajiri unaweza kukuta kitufe hakipo.

6. Kaunta, na 7. getini

Kaunta utalipa sana. Getini utalipa zaidi ya hapo na utaaibika bure. Sina la kuongeza.

Sasa ada ambazo sio za begi, maana mtu anaweza kushinda vita ya begi akafia kwenye kitu cha kijinga.

Kuchekin, yaani kuthibitisha safari na kuchukua bodingi pasi. Mashirika mengi ya bei rahisi yanataka uchekin mwenyewe mtandaoni, ukifika kaunta kuomba wakufanyie wanakutoza, na sio hela ndogo. Weka alamu simuni siku dirisha la kuchekin linafunguliwa. Bodingi pasi ihifadhi kwenye simu kabisa, usitegemee intaneti ya uwanjani, na simu iwe na chaji. Ryanair toka tarehe 12 Novemba 2025 wameachana na za karatasi, wanataka ya kwenye apu.

Kiti. Usinunue, utapewa tu. Wanakupa popote, mara nyingi katikati, na kama mko wawili mnaweza kutenganishwa, mtaonana mkishuka. Hii biashara ya viti ni kubwa kuliko unavyodhani, ile ripoti ya Seneti ilikuta mashirika matano ya Marekani, na humo wamo American, Delta na United ambao wala hawajiiti wa bei rahisi, yalikusanya dola bilioni 12.4 kwa ada za viti peke yake kati ya 2018 na 2023. Ukiwa na mtoto mdogo soma kwanza sheria ya shirika kuhusu watoto kabla hujalipa chochote, kuna wanaomkalisha na mzazi bure.

Jina. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana kubadili jina zima kuna wakati ni ghali kuliko kununua tiketi mpya. Ukikosea herufi wahi siku hiyo hiyo, mengi yanatoa muda mfupi wa kurekebisha bure.

Sarafu. Ukifika kwenye kulipa, ukurasa unaweza kukwambia kwa upole kwamba tumekubadilishia iwe sarafu ya kadi yako. Kataa huo upole. Kiwango wanachobadilishia ni chao na kimewekwa faida ndani, chagua sarafu ya tiketi benki yako ibadilishe yenyewe, isipokuwa kama unajua benki yako ina makato mabaya zaidi.

Mawakala wa mtandaoni nawatumia kutafuta tu, kununua nanunua kwa shirika lenyewe. Wengine wanapachika ada yao juu ya begi, wengine barua pepe iliyosajiliwa kwa shirika inakuwa ni yao sio yako, siku ya kuchekin unahangaika kama umeiba tiketi. Na ukiunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti, pakia kwa kufuata lile lenye masharti magumu zaidi, haisaidii la kwanza kukuruhusu kilo 15 wakati la pili linataka 7.

Mwisho angalia uwanja wenyewe uko wapi. Beauvais inauzwa kama Paris na iko kilomita kama 85 kutoka mjini, Hahn ya Ujerumani imeitwa Frankfurt miaka na miaka na iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt. Nauli ya basi, na usiku wa hoteli kama ndege inatua basi la mwisho limeshaondoka, viandike kwenye ile ile karatasi yenye bei ya tiketi kabla hujabonyeza lipa.