Pete ya Mkono wa Technics SL-1200GR: Naipenda, Ila Tusidanganyane

Haya, karibuni tena. Kabla sijaanza, vaa hedifoni. Ukinisikiliza kwa spika ya simu, mwisho wa video utasema nimekupotezea muda, na utakuwa na haki.

Mezani leo nina Technics SL-1200GR, mashine ya kupigia santuri, na kwenye kichwa cha mkono wake nimefunga katriji ya Ortofon 2M Black, yaani kile kifaa kidogo kinachobeba sindano. Mota mnaijua, kasi mnazijua, uzito wa sahani umeandikwa kila mahali, sitawasomea boksi. Nimekuja kwa kitu kimoja. Ngoja nisogeze kamera... hapa, kwenye shina la mkono. Unaiona hii pete yenye namba? Ndiyo hiyo!

Unafungua kwanza kufuli, hiki kijiti cha pembeni, halafu unazungusha. Tazama mkono mzima unavyopanda. Tena. Unashuka. Bisibisi sijagusa. Na utamu wenyewe ni kwamba unaweza kuizungusha santuri ikiwa inapiga, sindano iko ndani ya mfereji, sikio lako linasikia mabadiliko hapo hapo. Jamani, mimi kitu kama hiki naweza kukichezea mpaka usiku wa manane.

Kazi yake ni nini? Ukipandisha shina la mkono, katriji inainamisha pua. Ukishusha, inainua pua. Kwa hiyo pembe ya ncha ya sindano ndani ya mfereji inabadilika, na wengi hulenga digrii 92 kutoka uso wa santuri, au karibu na hapo. Kama sindano yako ni ya ncha ya duara, usijichoshe sana, haina habari na digrii moja. Lakini 2M Black ina ncha ya Shibata, umbo alilobuni Norio Shibata wa kampuni ya JVC ya Japani miaka ya 70 kwa ajili ya santuri za chaneli nne, zile za kusikilizwa kwa spika nne. Inagusa ukuta wa mfereji kwa mstari mwembamba mrefu, na mstari huo ukikaa upande, unasikia.

Sikiliza. Mwanamama anaimba, gitaa moja, basi. Nitapiga vipande vifupi vifupi, maana wenye haki za muziki wakiamka video hii inashushwa. Nimeanza na mkono chini kabisa... Besi nene, si ndiyo? Imejaa, lakini gitaa liko kama limefunikwa, na zile s za mwimbaji zimemezwa. Sasa napandisha. Polepole... polepole... Umesikia nyuzi zilivyojitokeza? Vidole vinasikika. Naendelea kupandisha, usitoe hedifoni... Aa! S zinachoma sasa, gitaa limekonda. Narudi chini kidogo. Kidogo tena. Hapo. Mimi hapo naacha.

Imekaa vizuri, eeh? Sasa ngoja nikuharibie.

Nilipopandisha mkono, uzito wa sindano, yaani nguvu inayoikandamiza kwenye santuri, nao ulisogea kidogo. Katriji hii inataka gramu 1.5. Kwa hiyo sehemu ya ulichosikia huenda ni uzito, wala si pembe. Ndiyo maana kila ukigusa pete, pima upya, tena kwa mizani ya dijitali, kwa sababu namba za kwenye uzito wa nyuma ya mkono zinategemea ulivyopata sifuri yako, pale mkono unapoelea bila kulemea upande wowote. Na hakikisha sehemu ya kupimia iko kwenye kimo kile kile cha santuri, la sivyo unapima kitu kingine. Pili, uliona mkono wangu ukizunguka, na jicho likishaona, sikio linafuata. Mwambie mtu mwingine azungushe wewe umegeuka ukutani, tuone ujanja wako.

Halafu kuna hesabu. Mkono huu una urefu wa milimita 230 kutoka shina hadi sindano. Ili pembe ibadilike digrii moja, lazima shina lipande milimita 4. Nne! Sasa santuri nzito ya gramu 180 na santuri nyembamba ya kawaida, tofauti ya unene wao haifiki hata milimita moja. Hiyo ni chini ya robo ya digrii. Na kuna watu, tena wengine wako kwenye maoni humu, wameandika namba ya pete nyuma ya kila ganda la santuri. Nawaheshimu, lakini hapana.

Kwa hiyo nikilala na kuamka, naona pete hii faida yake kubwa iko kwenye kubadilisha katriji. Katriji moja ni fupi, nyingine ndefu, na hapo milimita zinakuwa nyingi kweli. Vua kichwa, pachika kingine, pandisha, pima, piga muziki.

Wenzetu wa Rega, watengenezaji wa mashine za santuri kule Uingereza, wamekataa kabisa habari hizi. Mkono umekazwa kwenye mwili wa mashine, ukitaka kuuinua unaweka vipande chini yake, vya milimita 2 hivi. Hoja yao ni kwamba kila kiungo kinachosogea ni mahali pa kupoteza uthabiti. Ni hoja nzuri, siibishii. Lakini mimi mikono yangu haitulii, nikipewa Rega nitaugua.

Bei, najua mnaisubiri. SL-1200G, kaka mkubwa, ilitoka 2016 kwa dola 4,000 Marekani. Hii GR ikafuata 2017 kwa chini ya nusu ya hiyo. Kaka ana mkono wa magnesi, huyu wa alumini. Ningekuwa wewe, tofauti hiyo ningeipeleka kwenye sindano na spika, ingawa nikiiona ile G kwa macho naanza kuyumba... tuendelee.

Habari za chaneli: kipindi cha moja kwa moja kimesogezwa, mikrofoni inanguruma na sitaki kuwatesa. Video ijayo ni priampu, kifaa kinachokuza ishara ndogo ya katriji kabla haijafika kwenye amplifaya. 2M Black inataka priampu yenye ukinzani wa kilo-ohmu 47, na kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, ya pikofaradi 150 hadi 300, na kebo yako tayari inakula sehemu ya hiyo kapasitansi. Kachungulie kebo uliyonayo kabla ya siku hiyo.

Na wewe unayeshika pete kwa mara ya kwanza leo, rudisha mkono kwenye kishikio chake, weka kifuniko cha sindano, ndipo ufungue kufuli. Ukimaliza, lifunge, maana shina likibaki limelegea utalaumu katriji bure. Kwenye maoni niandikie una katriji gani na mkono umeuweka namba ngapi. Wale wa namba nyuma ya ganda, njooni tugombane.