Uzoefu wangu na The Truman Show: steringi asiyejua kama yuko kwenye muvi

Muvi ni ya 1998 na nitaongelea mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaicheki na hutaki kujua kinachotokea, nenda kaicheki kwanza halafu urudi hapa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi (mhusika mkuu wa muvi) hafi, na steringi mwenyewe anajijua kabisa kwamba yeye ndo steringi. Sasa hapa kuna jamaa amekuwa steringi tangu siku anazaliwa, dunia nzima inamfuatilia usiku na mchana, na yeye peke yake ndo hajui kama yuko kwenye kipindi cha TV. Anaitwa Truman Burbank, kachezwa na Jim Carrey, anafanya kazi ya bima, mke wake nesi, ana mshkaji wake wa tangu utotoni anaitwa Marlon, anaishi kisiwa cha Seahaven ambacho ni kisafi mno na kila jirani anamsalimia kwa tabasamu. Mke ni muigizaji, mshkaji muigizaji, mama muigizaji, mpaka wale wanaopita tu barabarani wanalipwa. Mji mzima ni seti iliyofunikwa na kuba kubwa, jua ni mtambo, na mwezi unaouona pale juu ndo chumba ambacho dairekta wa kipindi, Christof (Ed Harris), anakaa na watu wake wanaongoza kamera 5,000.

Na kilichonikaa kichwani mpaka leo ni kile wanachokisema kama jambo la kawaida kabisa, kwamba kampuni ndo ilimuasili Truman kisheria akiwa kichanga. Yaani hakuna siku hata moja aliyoulizwa kama anataka.

Nilipoicheki mara ya kwanza nilitegemea kucheka tu kwasababu Carrey tulimzoea kwenye The Mask na Ace Ventura, uso unavutika kama mpira. Na kucheka utacheka kweli. Mvua inamnyeshea yeye peke yake, akisogea na yenyewe inamfuata. Taa inadondoka kutoka angani mchana kweupe imeandikwa jina la nyota, halafu redio ya gari inawahi kutangaza kwamba kuna ndege imepoteza vipande. Anaingia jengo moja ghafla, lifti ikifunguka ndani hakuna lifti, kuna watu wa kazi wamekaa wanapata vitafunio! Lakini kila kicheko kinakuachia kitu kinakukereketa, maana unajua jamaa akianza kuhisi kitu wote watamwambia umechoka, unahitaji kupumzika.

Sini ninayoirudia kuliko zote ni ile anayotoroka na gari na mke wake. Wanavuka daraja (yeye anaogopa maji vibaya sana, na hofu hiyo walimpandikiza wenyewe kwa kumuigizia kifo cha baba yake baharini akiwa mtoto), wanapita kwenye moto, wanafika sehemu wanaambiwa kuna ajali kwenye kinu cha nyuklia hamruhusiwi kupita. Truman anakubali, anamshukuru askari vizuri tu, na askari anamjibu karibu, Truman. Basi. Hajamtajia jina, hawajawahi kuonana, na hapohapo unaona kwenye uso wa Carrey mtu anavyojua kila kitu kwa sekunde moja, anafungua mlango anakimbilia msituni. Hakuna muziki wa kukuambia shtuka, hakuna mtu anaelezea. Ndo maana nashauri msiicheki ile ya kutafsiriwa na DJ kama mnaweza kupata nyingine, kwa heshima zote kwa ma-DJ wetu ambao wametulea, ila hii muvi inabebwa na maneno madogomadogo kama hilo jina na sauti ya DJ itayafunika. Tafuta yenye maandishi chini, Kiingereza chake wala si kigumu.

Wakisharudishwa nyumbani ndo kuna ile ya kakao. Ndoa inavunjika pale jikoni, mume anatetemeka, mke anachukua kopo la kinywaji analigeuzia kamera na kuanza kukisifia kakao yake imetoka wapi na haina sukari ya kutengeneza. Truman anamuuliza, unaongea na nani? Hicho kipindi hakikatizwi na matangazo kwahiyo biashara inaingizwa kwenye midomo ya watu wake wa karibu. Nilikuwa naiona ni utani wa muvi. Siku hizi nafungua simu naona mtu analia kuhusu uchumba wake kuvunjika na katikati ya machozi anashika chupa ya lotion akiigeuzia lebo mbele, sioni tena kama ni utani.

Nakumbuka Big Brother Africa ya 2003, kile kipindi cha TV cha watu wanaofungiwa nyumba moja yenye kamera kila kona, mtaani tulikuwa tunamfuatilia Mtanzania mwenzetu Mwisho Mwampamba kama ndugu yetu wa damu, akashika nafasi ya pili nyuma ya Cherise wa Zambia, na 2014 Mtanzania mwingine, Idris Sultan, akaenda akachukua ushindi kabisa. Sina tatizo na vipindi hivyo. Watu wale walikuwa wakubwa, waliomba wenyewe nafasi, walijua kamera ziko wapi na mlango wa kutokea uko wapi. Ikumbukwe kwamba Big Brother yenyewe ilianza Uholanzi 1999, yaani mwaka mmoja baada ya muvi hii kutoka, kwahiyo mwandishi Andrew Niccol na dairekta Peter Weir hawakuwa wanaigiza kitu kilichojaa kwenye TV wakati ule.

Truman wa leo kwangu mimi ni mtoto aliyefunguliwa akaunti kabla hajaota meno. Anarekodiwa akilia, akichapwa, akiogeshwa, akikosea kutamka neno, watu laki kadhaa wanajua jina lake na shule anayosoma, na akaunti inaingiza hela ya tangazo la nepi. Wazazi wanampenda, sibishi hilo. Hata Christof anampenda Truman, kuna sehemu anapapasa kioo kikubwa Truman akiwa amelala na nakuhakikishia hapo haigizi. Ndo maana Harris alistahili ile tuzo ya Golden Globe aliyopata (Carrey pia alipata, ila Oscar hawakumteua hata kumteua tu, jambo ambalo sitalielewa kamwe). Anampenda na anamfungia, vyote kwa pamoja, na dhoruba ya mwisho baharini anaiongeza nguvu mpaka wasaidizi wake wanaogopa, bosi mmoja wa kituo anamwambia hatuwezi kumuacha afe mbele ya watazamaji laivu, Christof anajibu alizaliwa mbele yao.

Na watazamaji sasa. Muvi inatuonyesha wale wale kila mara, jamaa yuko kwenye beseni la kuogea, bibi wawili na mto wenye picha ya Truman, walinzi wa maegesho wanakula pizza. Wanalia naye, wanamuombea, boti yake inapotoboa ile mbingu ya kuchora na yeye anapanda ngazi kuelekea mlangoni wanashangilia mpaka wanakumbatiana. Wanashangilia uhuru wake wakati wao ndo walikuwa wanalipia kufungwa kwake. Kipindi kikikatika hewani mlinzi mmoja anamuuliza mwenzake kuna nini kingine, watafute ratiba ya TV. Watu wazuri kabisa wale, hawana roho mbaya, nawajua wengi wa namna hiyo.

Kasoro? Yule dada Sylvia aliyempenda Truman kwa kweli kapewa muda mdogo mno, ningetaka kumjua zaidi. Mengine sina la kulalamika. Ni dakika 103, haina sini za aibu, unaweza kuicheki sebuleni na wazee, na watoto wa sekondari wataielewa vizuri kuliko sisi wakati ule. Naipa tano kati ya tano.

Kitu kimoja nataka kusikia kwa mliocheki. Ile sini ya usiku kwenye daraja ambalo halijaisha, Marlon na Truman wamekaa na bia, Marlon anamwambia kitu cha mwisho ningefanya duniani ni kukudanganya, halafu kamera inatupeleka kwa Christof na kumbe ndo anamsomea maneno hayo moja moja kwenye sikio. Macho ya Marlon yana machozi pale. Kwangu mimi ni ya kweli, mmekua wote tangu watoto wadogo huwezi ukawa huhisi kitu, ila mdogo wangu anakataa katakata, anasema yule alikuwa kazini tu kama siku zote. Nyie mnaonaje?