Shokapu za upepo kwa pikipiki za kruza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wengi wanaotaka kufunga shokapu za upepo huanza na swali moja: pikipiki italala chini kiasi gani? Hilo liweke mwisho. Kulala chini ikiwa imeegeshwa, mfumo wowote unaweza. Kazi iko barabarani, wewe na abiria na mabegi mkipita kwenye mashimo bila kurushwarushwa, na hapo upepo peke yake hautoshi. Upepo umechukua nafasi ya springi tu, yaani unabeba uzito. Kinachotuliza mdundo ni mafuta yaliyo ndani ya shokapu. Kwa hiyo mpangilio wangu unaanzia kwenye mafuta.

Namba moja ni seti kamili: shokapu mbili za nyuma zenye mfuko wa upepo na mafuta yake, kompresa ndogo ya volti 12, na swichi kwenye usukani. Abiria akipanda, unabonyeza, pikipiki inanyanyuka mpaka inakaa sawa. Ukishaketi, shokapu izame kama robo hadi theluthi ya mwendo wake wote. Kabla ya kulipa, uliza kama mifuko na sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, zinauzwa peke yake. Ukijibiwa “ikiharibika unanunua nyingine”, rudisha pochi mfukoni. Taja pia mwaka wa pikipiki, si jina tu. Pikipiki aina ya Softail za Harley-Davidson za kabla ya toleo la 2018 zina shokapu mbili zilizolazwa chini, ambazo hurefuka tairi linapopanda badala ya kubonyea. Kuanzia toleo hilo ipo moja tu, chini ya kiti. Seti ya hizi haiingii kwenye zile.

Namba mbili ni shokapu za kujaza kwa pampu ya mkono. Hazina kompresa, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha) wala waya wa kukatika. Mwiko wake ni mmoja: usizijaze kwa mpira wa upepo wa gereji. Chumba chake cha upepo ni kidogo mno, kufumba na kufumbua umepitiliza presha. Kama siku nyingi unaendesha peke yako, kwako wewe hii ndiyo namba moja, na sitabishana nawe.

Tatu ni mfumo wenye tangi la upepo, unaoinua pikipiki papo hapo. Watu hushangaa, sikatai. Lakini umeongeza uzito na viungio vingi zaidi vya kuvuja. Shokapu za upepo za mbele zinakuja za nne, tena baada ya nyuma kutulia. Mwisho kabisa ni mifuko isiyo na mafuta, pamoja na mitumba yenye mpira ulioanza kupasuka. Hizo ziache zilipo.

Sasa ufungaji. Seti yangu ya kwanza niliifunga mwenyewe, nikapitisha mpira wa upepo karibu na bomba la moshi kwa sababu njia ilikuwa fupi. Mpira ukayeyuka safarini, nyuma ikakaa chini, tairi likaanza kula madigadi. Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda popote natoa upepo wote na kuchungulia kwa tochi: tairi linagusa nini? Waya za taa ya nyuma zimepita wapi? Angalia na stendi ya pembeni, maana pikipiki ikishushwa huwa inasimama wima kupita kiasi, na kuisukuma kidogo tu kunatosha kuilaza upande wa pili.

Ikishuka usiku kucha, chukua sponji na maji ya sabuni, upake kiungio kimoja kimoja, usubiri. Uvujaji mdogo hauanzi na povu kubwa. Utaona vitone vyeupe vikikusanyika kama mayai ya samaki. Mara nyingi kosa ni mpira uliokatwa mshazari. Ukate upya kwa wembe mpya, mkato ulionyooka kabisa, kisha uusukume mpaka ugote.

Kompresa ikiwa kimya, anza na fyuzi, halafu waya wa hasi: kwangua rangi pale unapoufunga, chuma kionekane. Ikinguruma kinyonge, pima volti kwenye kompresa yenyewe huku umebonyeza swichi. Betri ikiwa nzima na kwenye kompresa volti zimeporomoka, waya ni mwembamba au kiungio kimelegea. Ikizunguka vizuri bila pikipiki kupanda, shuku vali iliyonaswa na uchafu. Na usiing'ang'anize mfululizo. Kompresa hizi ndogo hupata moto haraka, ziache zipoe.

Ukikuta mafuta yanachuruzika kwenye mhimili wa shokapu, maji ya sabuni yaweke kando. Hiyo ni sili, ile niliyosema uiulizie kabla hujalipa.