Nimejifunza kunyamaza kwa Bob Barker: chaneli ya bure kwa kila mshika maiki

Kazi yangu ya Jumamosi ni kushika maiki. Harusi, kumuaga bibi harusi, ubatizo, mahafali: Waswahili wa hapa Columbus, Ohio, wakitaka shughuli yao iende bila kupoa, hunipigia simu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya fundi aliyekaa akimtazama fundi mkubwa kazini: Bob Barker, Mmarekani aliyeongoza kwa miaka mingi mchezo wa televisheni wa kukisia bei, The Price Is Right. Wenzangu huniuliza nafuata nini kwenye vipindi vya miaka ya themanini. Jibu langu ni refu kidogo.

Chaneli yenyewe inaitwa The Price Is Right: The Barker Era, na iko Pluto TV, huduma ya televisheni ya mtandaoni, tangu Desemba 2022. Hulipi hata senti, matangazo ya biashara ndiyo yanayoilipia. Inajiendea yenyewe usiku na mchana kama televisheni tuliyokulia nayo: unaifungua, unakuta mtu anazungusha gurudumu, unaketi. Picha si kali, ni mkanda wa video wa zamani, rangi zimekolea machungwa na kahawia. Mimi hilo halinisumbui. Sauti iko safi, na sauti ndiyo niliyoifuata.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni haya. Mtangazaji anaita jina la mtu aliyeketi ukumbini na kumwambia ateremke mbele. Wakishatimia wanne, wanaonyeshwa kitu, tuseme jokofu, na kila mmoja anataja bei. Atakayekaribia zaidi bila kuizidi bei halisi anapanda jukwaani. Ndiyo maana wa mwisho akihisi wenzake wote wamepaa, husema dola 1 tu, na mara nyingi anashinda. Kule juu kuna michezo mingine ya bei, kisha gurudumu kubwa linaloanzia senti 5 hadi dola 1, kisha zawadi kubwa za mwisho. Wanangu wameshaambukizwa: tukiingia dukani wananifunika kibandiko cha bei nikisie kwanza. Na kwenye vipindi vya kwanza vya chaneli hii utaona bei ya gari jipya ina tarakimu nne, jambo ambalo kwa anayelipia gari lake kila mwezi linauma.

Sasa Barker mwenyewe. Mwezi uliopita niliona kipindi ambacho mama mmoja alipanda jukwaani akitetemeka mwili mzima. Barker hakumwuliza anajisikiaje. Alimwuliza anatoka wapi, akamsogezea maiki, akanyamaza. Mama akataja mji wake. Barker bado kimya. Mama, kwa kuwa hakuna aliyemdaka, akaongeza kwamba mumewe yuko kazini na hana habari kama mkewe yuko pale. Ukumbi ukalipuka. Barker akageuza uso polepole akaitazama kamera, hakusema neno, na watu wakacheka mara ya pili.

Washereheshaji wengi tungeshaingilia zamani. Tunafundishwa kwamba kimya ni adui, kwamba DJ akizima muziki lazima mdomo ufanye kazi. Barker alikuwa anaamini kwamba mtu wa kawaida akipewa nafasi atasema kitu bora kuliko utani wowote ulioandaliwa, na kipindi baada ya kipindi unaona imani hiyo ikimlipa.

Hakuipata kwa bahati. Alizaliwa 1923 na kukulia Mission, South Dakota, kwenye Rosebud, ardhi ya Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani, ambako mama yake, Tillie, alikuwa mwalimu. Baba alikufa Bob akiwa mtoto mdogo. Alipitia mafunzo ya urubani wa kivita katika jeshi la maji, vita vikaisha kabla hajapelekwa, akaingia redioni. Huko California alikuwa na kipindi cha redio cha kuzungumza na watu wa kawaida, na Ralph Edwards, mwenye mchezo wa Truth or Consequences, akamsikia akiwa anaendesha gari. Tarehe 31 Desemba 1956 Barker akaanza kuuongoza mchezo huo kwenye televisheni, na akakaa nao hadi 1975. (Mchezo huo ulipendwa kiasi kwamba mji mmoja wa New Mexico ulibadili jina ukachukua jina lake mwaka 1950, na unaitwa hivyo mpaka leo.) The Price Is Right aliianza Septemba 1972. Kwa hiyo Barker unayemwona kwenye vipindi vya 1982 ana zaidi ya miaka 25 ya kuwasikiliza wageni mbele ya kamera.

Kuna jambo jingine nililigundua baadaye, nikaanza kuvitazama vipindi hivyo kwa jicho tofauti. Mkewe, Dorothy Jo, waliyeoana Januari 1945, alifariki Oktoba 1981. Hivi tunavyovitazama vinaanzia msimu uliofuata. Suti imenyooka, nywele bado nyeusi (aliacha kuzipaka rangi 1987), wanawake wanamkumbatia mpaka miguu inaacha sakafu, naye anacheka nao. Mimi nimewahi kuongoza harusi siku 9 baada ya kumzika dada yangu. Najua uzito wa maiki siku kama hiyo.

Dorothy Jo ndiye aliyetangulia kuacha kuvaa makoti ya manyoya ya wanyama, na Barker akamfuata. Tangu 1982 alikuwa akimalizia kila kipindi kwa kuwasihi watu wawahasi na kuwafunga kizazi paka na mbwa wao, na mwaka 1987 aliacha kuongoza mashindano ya Miss USA na Miss Universe aliyoyashika miaka 20, kwa sababu ya makoti hayohayo. Ndiyo maana chaneli haina vipindi vya miaka ya sabini: manyoya yalikuwa bado yanatolewa zawadi, na hakutaka virudiwe. Natamani ningeviona, lakini uamuzi wake nauheshimu.

Kisichonipendeza nakisema pia. Wanawake wanaoonyesha zawadi wanatabasamu saa nzima bila kupewa neno la kusema, na mtu aliyewasikiliza wageni kwa ustadi ule hakuwageuzia maiki wale aliofanya nao kazi kila siku. Mmoja wao alimpeleka mahakamani 1994 kwa madai ya kunyanyaswa kijinsia, kisha akaiondoa kesi mwaka uliofuata. Nikiwatazama wamesimama kando ya jokofu, hilo huwa linanijia.

Ukipata nafasi ya kipindi kimoja tu, subiri chenye Plinko, mchezo ulioanza Januari 1983. Ni ubao mrefu wa vigingi. Mchezaji anapanda ngazi, anaachia kisahani kutoka juu, kinashuka kikigongagonga hadi kwenye kijisanduku chenye kiasi cha fedha. Kile cha katikati wakati huo kilikuwa dola 5,000, na visahani havizidi vitano. Sikiliza jinsi Barker anavyokiacha kisahani kizungumze. Kikianguka kwenye sifuri hamfariji mchezaji kwa maneno mengi, anamwambia aachie kingine.

Aliendelea hadi kipindi cha mwisho kilichorushwa tarehe 15 Juni 2007, akiwa na miaka 83, na alifariki Agosti 2023 akibakiza miezi michache kutimiza 100.

Na mtazame maiki yake: nyembamba, ndefu, yenye waya. Anautupa waya kando kwa kifundo cha mkono mchezaji anapomkimbilia, haangalii chini, hajikwai. Mwaka huu, kwenye ukumbi mmoja, maiki isiyo na waya ilinizimikia baba wa bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anaanza kumkumbuka marehemu mkewe. Mzee akalazimika kuanza upya, na ya pili haikuwa kama ya kwanza. Siku hizi begi langu lina maiki ya waya na kebo ya mita 15, na jioni za Alhamisi nafanya mazoezi sebuleni, chaneli ikiwa wazi, kuitupa kebo kando bila kuangalia chini.