Miaka tisa Tokyo, mabegi mawili: nilivyoagana na vitu vyangu kwa njia ya Kijapani

Nyota nne kati ya tano kwa njia ya Marie Kondo ya kupunguza vitu. Hiyo moja niliyoinyima ni kwa ajili ya khanga ya bibi yangu, nitaifikia.

Mwezi wa pili nilipata tarehe ya kurudi Tanga jumla. Miaka tisa nimeishi Tokyo, kata ya Adachi, chumba cha mikeka sita ya tatami, yaani mita kumi za mraba hivi, na tiketi yangu ilikuwa na mabegi mawili ya kilo 23. Utadhani mtu wa chumba hicho hana vitu. Ungefungua kabati la ukutani, lile waitalo oshiire, ungenionea huruma. Makorokocho yalipanda mpaka juu, na nilikuwa nimeshajifunza kufungua mlango huku goti limezuia boksi la chini lisiteleze.

Nikaamua kufuata njia ya Marie Kondo, yule Mjapani anayefundisha watu kupanga nyumba. Vipindi vyake vya Netflix vya mwaka 2019 nilivitazama kama burudani tu, nikacheka, nikalala. Safari hii nilikuwa na shida kweli. Kwa asiyeijua: hupangi chumba kwa chumba, unakwenda aina kwa aina. Nguo kwanza, halafu vitabu, halafu karatasi, halafu vidude vyote vya jikoni na kwenye madroo, na vitu vya kumbukumbu mwisho kabisa. Unashika kimoja kimoja na kujiuliza kama moyo umeshtuka. Wajapani wana neno lake, tokimeku, ule mdundo wa moyo wa mtu aliyemwona ampendaye. Usipousikia, unakiambia kitu ahsante, unakiaga.

Nguo zote unazimwaga mahali pamoja, hata za msimu uliopita. Nilizimwaga sakafuni, nikakuta masweta meusi kumi na moja. Kumi na moja! Kila baridi ilipoingia nilikuwa nanunua jingine kwa sababu ya zamani yalikuwa yamejificha. Nilibaki na mawili. Kuyashukuru yale tisa kwa sauti niliona haya, ukuta wa pale ni mwembamba na jirani anasikia hata ukikohoa, kwa hiyo nikawa nanong'ona.

Vitabu na karatasi vilikwenda haraka.

Jambo ambalo Kondo amelipatia ni ule mpangilio. Mtu akianza na picha na barua hafiki popote, ataketi chini alie mpaka magharibi. Ukishaachana na masweta tisa, vikombe sita na risiti za miaka mitano, mkono unakuwa umezoea kuachia. Nilipofika kwenye kumbukumbu nilikuwa mtu mwingine kidogo.

Asichokisema, au niseme hakikazii, ni kitu kinakwenda wapi ukishakiaga. Na Tokyo hilo si swali dogo. Kitu chenye upande unaozidi sentimita 30 hesabu yake ni taka kubwa, sodai gomi: unaweka miadi kwa simu au mtandaoni, unanunua stika ya malipo duka la pembeni, unaibandika, unakitoa nje asubuhi ya siku uliyopangiwa. Televisheni, friji, mashine ya kufulia na kiyoyozi havimo humo kabisa, vina sheria yake tangu 2001 na unalipia virejelezwe. Mimi kwa uvivu nikasimamisha kigari kimoja kinachopita mitaani na kipaza sauti kikitangaza kuwa kinachukua vitu vibovu bure. Jamaa akapakia televisheni na feni, akafunga kamba, ndipo akasema yen 15,000 ya upakiaji. Nilibishana kwa Kijapani changu chote, nikalipa. Baadaye nikaambiwa manispaa zinaonya kila siku kuhusu vigari hivyo. Hilo si kosa la Kondo, lakini mwenye kuanza zoezi hili Japani ajue kwamba kuaga kuna gharama yake.

Sasa kumbukumbu. Nilikuwa na mbili zilizonishinda.

Ya kwanza ni mwanasesere wa kimono ndani ya kasha la kioo, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Alinipa mwenye nyumba wangu wa zamani, bibi wa zaidi ya miaka themanini, siku alipohamia nyumba ya wazee. Wapangaji tulimwita Oya-san, ndivyo wanavyomwita mwenye nyumba. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Afrika aliinua kidole akasema, "Mottainai!" Neno hilo ni la mtu anayeona uchungu kitu kizima kikipotezwa. Wangari Maathai alilisikia alipokwenda Japani mwaka 2005, akalipenda, akalitangaza duniani, na wazee wengi kule wanamkumbuka kwa hilo. Nilimweleza Oya-san kwamba yule mama ni wa Kenya na mimi ni wa Tanzania. Akatikisa kichwa kwa adabu, kesho yake akanisalimu tena kwa mottainai.

Huyo mwanasesere nilimshika. Moyo haukushtuka. Kusema kweli macho yake yalikuwa yananitisha usiku. Lakini kumtia kwenye mfuko wa taka zinazochomwa, na uso ule? Sikuweza. Rafiki yangu wa kazini, Mjapani, naye alishtuka nilipotaja tu. Wanasesere hawatupwi hivyo, akasema, wanaagwa hekaluni.

Hapo nikakumbuka kitu. Tarehe 8 ya mwezi huohuo wa pili nilikuwa nimepita hekalu la Senso-ji, mtaa wa Asakusa, nikawakuta watu wamepanga foleni kuchomeka sindano kwenye kipande kikubwa cha tofu, chakula laini cha soya. Sindano zilizovunjika na kupinda, zilizoshona mwaka mzima nguo ngumu, siku hiyo zinapewa kitu laini zipumzike. Nilimsimulia mama kwa simu, yeye fundi cherehani miaka arobaini. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Na hiyo tofu, wakaila?"

Kwa wanasesere nako kuna mambo. Hekalu la Kishinto la Meiji Jingu, hapo Tokyo, lina siku yao kila Oktoba, na kule Kada, Wakayama, Machi 3 huwapakia kwenye mashua za mbao na kuwasukuma baharini. Oktoba mimi sitakuwepo na Wakayama ni mbali. Nikapata hekalu dogo la Kibudha linalowapokea mwaka mzima na kuwasomea mara moja kwa mwezi, sadaka yen 3,000. Mimi Muislamu, nikasita. Nikamuuliza mtawa kama naweza kumleta tu nikasimama nyuma. Akasema wengi wanaokuja hawajui hata dhehebu lao, karibu.

Walipangwa kwenye ngazi zenye kitambaa chekundu, labda mia hivi. Wa kimono, dubu mmoja aliyekatika sikio, na mwingine wa plastiki ambaye nywele zake mtoto alizikata na mkasi. Mwanamke mmoja wa umri wangu alimrekebishia wake ukosi, akarudi nyuma, akaenda tena kuurekebisha. Mtawa akasoma kama dakika ishirini. Mimi nilimfikiria Oya-san, nikasema ahsante yangu, safari hii bila kunong'ona. Nilipotoka nilikuwa mwepesi kuliko siku niliyotoa masweta tisa. Kwa huduma hii peke yake ningetoa nyota zote tano, na zaidi kama zipo.

Ya pili ni khanga. Kipande kimoja cha doti ya bibi yangu mzaa mama. Kipande cha pili anacho mdogo wangu, Muheza. Imepauka, ina tundu la cheche ya mkaa, na maandishi yake, *Wema hauozi*, yamebaki nusu: unasoma "Wema hau" halafu kitambaa kinaishia kwenye kiraka. Nikaishika kama ilivyoagizwa. Tokimeku hakuna. Niliona kifua kimebana, nikanusa, nikakuta haina hata harufu yake tena. Kwa kanuni za Kondo hiyo inaagwa. Nikampigia mama.

"Unaiuliza khanga kama unaipenda?" akasema. "Kwani ulipewa uipende? Ulipewa uiweke."

Hiyo ndiyo nyota niliyoikata. Swali la furaha linafaa kwa vitu nilivyojinunulia. Khanga ile si yangu peke yangu, na mwenzake yuko Muheza. Kwetu pwani marehemu akishazikwa na siku zikapita, nguo zake zinagawiwa: huyu gauni, yule mtandio, jirani aliyemuuguza apate kitu. Hakuna anayeulizwa moyo wake umeshtuka au la. Lakini pia hakuna kinachobaki kabatini bila mtu, na hapo ndipo mama yangu na yule mtawa wanapokutana. Kitu nilichoweza kukiachia ni kile kilichopata wa kukipokea. Masweta nayo, mnijue, yalinisumbua mpaka nilipoyapeleka kwa wanafunzi wapya kutoka nyumbani waliofika na majaketi ya Dar es Salaam.

Kondo mwenyewe alisema mwaka 2023 kwamba baada ya mtoto wa tatu amelegeza kamba kidogo nyumbani kwake. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Ukitaka kujaribu: usiruke hatua, usianze na picha, na tafuta kwanza vitu vitakwenda wapi. Mimi nilitumia majuma matano, Jumamosi na Jumapili tu. Mabegi yalifika kilo 22 na 23, khanga imo kwenye la pili, imefungia sufuria.

Hekalu halipokei makasha ya kioo. La Oya-san nilibaki nalo, tupu, mpaka wiki ya mwisho. Stika yen 400. Nililitoa saa moja asubuhi, nikapanda kunywa chai, niliposhuka saa tatu halikuwepo.