Uzoefu wangu: Antaktika kwa meli ndogo, baada ya kuzoea meli kubwa

Mwaka 2017 nilizunguka Bahari ya Mediterania kwa meli yenye abiria zaidi ya 3,000, na kwa siku saba nilijua mapema saa ya kufika kila bandari na muziki utakaopigwa jioni. Kwa hiyo nilipopanda meli ndogo ya abiria 160 huko Ushuaia, kusini mwa Argentina, mwezi wa Februari 2024, kitu cha kwanza nilichouliza kilikuwa ratiba. Nilijibiwa kwamba ratiba ya kesho hubandikwa jioni, baada ya nahodha na kiongozi wa msafara kuangalia upepo na barafu.

Mlango-bahari wa Drake, kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika, ulituchukua siku mbili. Mimi niliyezoea mawimbi ya Ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu nilishindwa kuinuka kitandani siku nzima ya kwanza. Meli kubwa haiyumbi sana kama ndogo, na mwenye tumbo jepesi alifikirie jambo hilo kabla ya kulipa.

Lakini faida ya udogo huonekana pwani. Kwa kanuni za IAATO, chama cha waendeshaji wa utalii wa Antaktika kilichoanzishwa mwaka 1991, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na watu wasiozidi 100 ndio wanaoruhusiwa kuwa mahali pamoja nchi kavu kwa wakati mmoja. Sisi tuligawanywa makundi mawili: wakati moja likitembea ufukoni, jingine lilizunguka katikati ya barafu kwa boti za mpira. Kabla ya kushuka, mifuko ya nguo zetu ilisafishwa kwa mashine ya kuvuta vumbi ili tusipeleke mbegu ngeni, na buti zilioshwa kwa dawa kila tulipotoka na kurudi. Tulikatazwa kukaa chini kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege, na kumkaribia pengwini chini ya mita tano. Yeye akija, ni wewe unayerudi nyuma. Utaratibu huo unachosha, nami naupenda kwa moyo wote.

Lalamiko langu ni moja. Tangazo la kampuni liliahidi kushuka mara mbili kwa siku, na upepo ulitunyima siku nzima. Upepo haulaumiwi, tangazo ndilo lingepaswa kusema wazi, hasa kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile niliyolipa Mediterania.

Kisha tukaingia kisiwa cha Deception, ambacho ni volkano hai iliyozama katikati, meli ikipita kwenye mwanya mwembamba wa ukuta wake. Mchanga ni mweusi, mvuke unatoka ukingoni mwa maji, na nyumba za kituo cha Waingereza bado zimezikwa nusu na tope la mlipuko wa mwaka 1969. Watu wa Goma tunaojengea uzio wa nyumba zetu mawe ya volkano yetu ya Nyiragongo hatuhitaji kuelezwa mandhari hayo. Jioni, mahali ambapo meli kubwa ingetuwekea ngoma na taa, mwanajiolojia wa msafara alitoa somo kuhusu volkano, na aliposikia ninakotoka aliniomba niwasimulie wenzangu usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka. Nilizungumza karibu saa nzima, na maswali yaliendelea hadi mezani.